Namba 1007

Veikko alistaafu Novemba.
Tulimkatia keki ya beri, tukampa saa ya ukutani,
na Jumatatu, kabla ya kahawa, nikaifuta akaunti yake
kama kanuni inavyotaka.

Usiku wa Alhamisi seva ilizimwa ifanyiwe marekebisho.
Ikawaka. Daftari la benki ya damu halikuamka.
Nikaorodhesha mafaili, na pale penye jina la mwenyewe
palikuwa na namba tupu: 1007.
Kila mfuko wa damu wa Kuopio, kundi lake, tarehe yake,
mali ya tarakimu nne.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Na daftari bila mwenyewe?

Nje ziwa limeganda, malori yanapita juu yake.
Ndani, mimi na Jouko tunatokwa jasho.

"Mpe mkuu wa mfumo," anasema. "Mkuu hastaafu."
Kweli, hastaafu. Ila anashika funguo za milango yote,
na mwizi akiingilia kwenye daftari hili
atatoka na nyumba nzima.

"Basi jiandike wewe, Terhi. Wewe upo."
Nipo. Nina goti linalouma ngazini,
nina mama Iisalmi anayeniita kwa jina la dada yake.
Nilitamani, sifichi: kidole kilikuwa tayari juu ya herufi ya kwanza.
Kisha nikaikumbuka keki.

Nikaumba asiyekuwepo.
Hana nywila, hana nyumba, mlango wa kuingilia hana;
hazeeki, haendi likizo, hagombani na mtu.
Data nikamkabidhi yote.
Programu yenyewe nikamnyima, nikaiacha kwa mkuu:
mpishi apike, asiguse matofali ya jiko.
Jouko akacheka. "Maskini, tajiri asiye na mfuko."

Saa kumi na dakika kumi alfajiri likaamka.
Dakika haikupita, simu ya wodi ya wazazi:
O hasi, mifuko miwili, upesi.
Nikatafuta. Ipo, rafu ya tatu.
Hawakuuliza ilitoka mkono wa nani.

Jouko amelala kitini, viatu miguuni.
Saa ya Veikko iko bado mezani, aliisahau,
inakwenda, dakika sita nyuma,
na sijui niiandike kwa nani.