Bakuli Halirudi Tupu

Tarehe ishirini na sita, Kaptembwo imelala chali.
Wenye nauli wamekwenda kwao.
Ngozi ya mbuzi inakauka ukutani kwa jirani,
nasi tuliobaki tunafunua sufuria
kuona sikukuu imetuachia nini:

chapati saba, ngumu kama kadi za harusi,
shingo mbili za kuku na mgongo mmoja,
na nusu kabichi ambayo tangu jana
kila mtu aliipita kama mdai.

Nanjala wa mlango wa nne habishi hodi, hukohoa.
"Usimwage," anasema, kabla sijawaza kumwaga.
Alizaliwa mwaka wa njaa, jina likamganda,
na hajawahi kutamka neno kiporo.
"Kimelala tu. Wewe ukilala, nani hukutupa?"

Ananifundisha akiwa wima, mkono kiunoni:
chapati ikunje kama mkeka, ikate nyuzi nyembamba,
kitunguu kwanza, kabichi ifuate, moto uwe na hasira,
nyuzi ziingie mwisho,
yai ulipasue juu kabla hujajuta.
Chumvi kiasi gani?
"Kiasi."
Na maji?
"Yatasema yenyewe."
Ndivyo alivyofunzwa Kimilili, na shangazi
aliyepima kila kitu kwa kiganja,
wakamzika na kipimo chake.

Shingo na mgongo tukavirudisha motoni.
Jelagat alitia karanga za kusaga
huku akisimulia ugomvi wa dada yake na mawifi.
Kisa kilikuwa kirefu. Mchuzi ukawa mzito.

Tukapakua. Bakuli langu la bluu, lenye ufa ukingoni,
likavuka vumbi hadi kwa Omwenga,
mlinzi wa stoo ya mbao,
Krismasi yake ya tatu mfululizo getini.
Alilipokea kwa mikono miwili, akalitazama
kama mtu aliyeombwa ashike mtoto kidogo.

Sasa, huku kwetu bakuli halirudi tupu.
Rudisha hata limau,
hata kiberiti chenye njiti sita.
Omwenga alijua hilo. Nasi tulijua hana kitu.
"Umempa deni," Nanjala akanikemea, "si chakula."
Usiku huo nililala upande mmoja.

Asubuhi, bakuli mlangoni,
limesuguliwa hata ukipitisha kidole linalia,
na ndani yake ukurasa wa kitabu cha zamu,
mwandiko wa mtu aliyezoea kuripoti:

Saa nne usiku: chakula kimepokelewa. Nusu imeliwa.
Saa sita: ndizi mbichi tatu zimemenywa.
Saa sita u nusu: mchuzi uliobaki umemiminwa juu yake,
na chinsaga ya juzi, na maji vikombe vi
Usikoroge. Mama alikataza kukoroga.
Saa saba: harufu imefika barabarani.
Mbwa wawili wameonekana. Wamefukuzwa.
Mmoja amerudi. Ameachwa.
Saa nane: nimeonja. Ni kama nyumbani, umepungua moshi tu.
Saa tisa: nimekula. Hali shwari.

Tulipokezana ukurasa, tukicheka,
kisha tukafika kwenye moshi
na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinua uso.
Jelagat akachukua kikapu, akaenda kutafuta ndizi.

Niliubandika ndani ya mlango wa kabati.
Pale kwenye vikombe kuna doa la mafuta,
lilikuja nalo, la kidole chake mwenyewe.
Viwili, anasema Jelagat.
Vinne, nasema mimi, maana napenda rojo.
Omwenga angetuamulia, lakini Februari
walimhamishia Gilgil, au Naivasha,
hakuna aliyeuliza vizuri.

Kila Desemba tunaipika, na kila Desemba inakuwa nyingine.
Nanjala huinamia sufuria, sikio likiwa karibu na mvuke,
akitunyamazisha kwa mkono,
apate kusikia maji yanasemaje.