Swali la Kumi na Nne

Donholm, ghorofa ya tatu, Alhamisi saa nne.
Maji hayajaja tangu Jumatatu, lakini sakafu inang'aa:
wameipiga deki kwa maji ya mtungi,
na mtungi wenyewe wameuficha nyuma ya pazia
kana kwamba afisa wa watoto haishi Nairobi.

Nimekaribishwa chai. Nimekunywa.
Kazi yangu ni kunywa chai za watu
huku nikiwapekua mioyo.

Mghoi anajibu mbio, kama mwanafunzi aliyekesha.
Akilia usiku? Nitambeba.
Akikataa kula? Sitamlazimisha.
Na siku atakapokukazia macho, ana miaka kumi na mitano,
akuambie wewe si mama yake?
"Nitamwambia, nilikuchagua."
Naandika. Jibu hilo nimelisikia South B, nimelisikia Kahawa,
siku hizi linauzwa kwa jumla.

Mumewe hajasema neno.
Mwadime, fundi wa jenereta, grisi imemganda kwenye kucha,
amekaa ukingoni mwa kochi kama mgeni nyumbani kwake.

Swali la kumi na nne silisomi kwa haraka.
Wale mliowapoteza, mliwaaga vipi?

"Hayo yalishapita," anasema Mghoi.
Anarudia, "Yalishapita,"
na kiganja chake kinafuta meza isiyo na vumbi.

Mwadime anainuka. Nadhani anakwenda kuzima jiko.
Anarudi na sanduku la spana.
Chini ya koleo, chini ya nyaya na plagi kuukuu,
anatoa soksi.
Jozi tatu.
Kila soksi ingetosha kidole changu cha gumba tu;
zile za rangi ya maziwa bado zina pini ya dukani.
"Nilinunua kila mara," anasema. "Kila mara mapema mno."

Mghoi anamtazama mume wa miaka kumi na mmoja
kama aliyefunguliwa mlango na mtu asiyemjua.
"Uliniambia ulizitupa."
"Ulitaka niseme hivyo."

Nafunga faili. Natoka verandani.
Kwenye kamba ya jirani, sare ya nasari imekauka hadi imekakamaa.
Nyuma yangu watu wawili wanalia, kila mmoja kwa sauti yake,
kisha mmoja, sijui nani, anacheka kidogo kwa haya.

Fomu ina visanduku viwili:
Wako tayari. Hawako tayari.
Kalamu yangu imening'inia.
Kule kituoni, Ngara, kuna mtoto wa miezi saba
alalaye ameshika sikio lake mwenyewe.
Naye ana aliowapoteza, na hakuna aliyemuuliza.
Sitampeleka mahali akawe jozi ya nne.

Nimeandika pembeni, nje ya visanduku:
Nirudi mwezi wa tatu, bila kupiga simu.
Nitazame kama mtungi
umetoka nyuma ya pazia.