Msoma Mita

Miaka thelathini na miwili nilipanda ngazi za Kadutu,
tochi mdomoni, daftari kwapani,
nikiinamia mita kama anayesalimia wakwe.
Nilikuwa na amri moja tu, wala si ya Musa:
kilichotoka Ruzizi lazima kifike.
Kisichofika kimeibwa.

Nami niliwapata.
Waya chini ya jiwe la kusagia kule Nyamugo.
Waya ndani ya ukuta wa kanisa ambalo halijaezekwa.
Waya uliokatiza kabichi za mama Cibalonza,
umefukiwa kwa samadi, kazi safi,
hata mimi nikampa hongera kabla ya faini.
Hasara, nilimwambia mkuu wangu Zihalirwa,
ni jina la mtu tusiyemjua bado.

Sasa Nsimire, kitinda mimba wangu,
karudi masomoni na hesabu zenye mikia.
Jana delestaji ilizima mji, Nguba hadi Bagira,
ziwa likabaki bakuli la wino
na mbingu ikawaka bila kumlipa mtu.
Tulikuwa juu ya zege la ghorofa nisiyoimaliza,
tunatafuna mahindi.

"Baba, ule mwanga mkongwe kuliko wote
ulianza safari na moto wa kuyeyusha chuma.
Leo ukitufikia hauwezi kupasha chai.
Njia yenyewe inatanuka.
Wimbi linavutwa, linavutwa, linalegea,
na likilegea, nguvu imepungua."

Nikauliza swali pekee ninalolijua:
nani kafunga waya?

"Hakuna."
Imekwenda wapi?
"Haikwenda."

Ninajua mwanga unaochoka.
Kule juu, mwisho wa laini, nyumba ya sabini na kitu,
balbu huiva nyekundu kama jicho la mlevi.
Lakini pale waya ulipata joto, niliugusa kwa kiganja;
hasara ilikuwa na mahali pa kulala.
Mwanangu, nikasema, mali bila daftari...
"Hupotea bila habari, najua.
Ila hapa daftari lipo, baba.
Sheria yako hushika pale leo na jana
zinapopimwa kwa pishi moja.
Ulimwengu wa jana haukuwa na upana huu.
Utafunga hesabu kwa pishi la siku gani?"
Akatupa gunzi gizani.
"Tena kila nafasi inayozaliwa huja na nguvu yake kidogo,
kama nyumba iote chumba, na chumba kije na taa."
Nani analipia?
Akacheka. Mimi sikucheka.

Nilikuwa namfikiria fundi Birindwa, mshona viatu.
Mwaka ule wakimbizi walishuka kutoka vijijini,
nyumba zikaota juu ya nyumba,
ramani yangu ikawa fupi kama suruali ya mtoto.
Hesabu ya mtaa wake haikufunga.
Nilipekua dari, nilipekua shimo la choo,
nilipekua hadi chini ya kitanda cha mgonjwa.
Sikuona waya.
Nilimkatia hivyo hivyo,
kwa kuwa lazima awepo mtu.

Mkewe alishika mshumaa mlangoni
akanimulikia ngazi nisije nikaanguka.

Saa nne na robo umeme ukarudi.
Mji mzima ukapiga yowe la furaha,
nyota zikafutika upande wa Muhungu kwanza,
kisha juu yetu.
Nsimire akashuka kuchaji simu.
Nikabaki natazama madirisha ya Kadutu yakiwaka,
moja, jingine, manne kwa pamoja,
na kidole changu, chenyewe tu, kinahesabu.
Nikakirudisha mfukoni.