Bei kwa Kilo

Naandika kwa kilo, maana shilingi hainiumi.
Noti ni karatasi. Kilo najua inavyoinamisha mgongo,
inavyookotwa moja moja kwenye majani makavu,
bibo linanyongwa, korosho inang'oka, vidole vinanata.

Daftari la mistari, ukurasa wa kwanza:
Gari. Jeusi. Viti vya ngozi, rangi ya chai ya maziwa.
Tani kumi na moja.
Yaani misimu miwili, na lile shamba la Mkoma
Mfaume aliloachiwa na mjomba wake.

Lilitua uani kwetu Newala
kama bwana harusi aliyekosea nyumba.
Likajishusha lenyewe, fyuuu, watoto wakapiga makofi.
Mimi nikauliza linakula nini.

Februari, taa ya njano, picha ya injini, ndogo kama punje.
Mfaume akaibandika plasta ya kidonda.
Machi, gia ya pili haitaki kuachia, ya tatu haitaki kupokea,
katikati gari linashtuka
kama mtu aliyeitwa jina usingizini.
Fundi Mtolela akagusisha bisibisi kwenye giaboksi,
mpini sikioni, akafumba macho.
"Mama Siwema, humu ndani watu hawaelewani."

Oili ilitoka nyeusi, inanuka mkaa,
na kwenye sumaku ya chini unga wa chuma
laini kama wanja.
Giaboksi ya mtumba, kutoka Shauri Moyo: tani tatu.
Nauli yake kwenye buti la basi: kilo hamsini.
Kijana wa Mtwara mjini na mashine yake ya kusoma kompyuta:
kilo themanini,
maana gari hili halikubali kwamba limepona
mpaka liambiwe.

Mei, cheni ya taiming.
Asubuhi za ukungu ililia chekecheke, sarafu ndani ya kopo.
Mtolela akasema ibadilisheni kabla haijaruka.
Mfaume akasema tungoje mnada wa Oktoba.
Cheni haisomi kalenda ya chama cha msingi.
Iliruka karibu na Shimo la Mungu, pale nchi inapokatika,
vali zikagonga pistoni, kisha kimya,
tukasikia ndege.
Tulirudi kwa kamba, nyuma ya trekta la Hokororo,
na Hokororo hakucheka. Hiyo ndiyo iliyomuuma Mfaume.

Vali, cheni, gasketi, kuchonga silinda hedi:
tani mbili na nusu.
Salfa ya msimu: hapa pako wazi.
Ubwiriunga ukaingia shambani bila kubisha hodi.

Wakasema uzeni. Akaja mtu wa Masasi,
akainama kuangalia chini ya gari
kabla hajaangalia rangi.
Nikajua naye amewahi kuwa nalo.

Kuna kitu sijakiandika.
Usiku mmoja wa Aprili, kati ya giaboksi na cheni,
mama yangu alivunjika nyonga, tukampeleka Ndanda.
Mfaume alishika usukani kwa vidole viwili.
Mteremko wote ule, mashimo ninayoyajua kama wajukuu,
gia zikabadilishana bila mimi kuambiwa.
Mama alilala. Tulipofika getini akafungua macho:
"Tumeshaanza safari?"

Hiyo ni kilo ngapi?
Nilipiga mstari, nikaacha nafasi. Bado ipo.

Leo asubuhi kuna doa chini ya gari, ukubwa wa sahani,
kuku wanalizunguka hawaligusi.
Mtolela amechovya kidole, amenusa.
"Oili sili ya diferensha. Ndogo hii."
"Ndogo kilo ngapi?"
Akautazama mkorosho ulio nyuma ya choo, ule mkongwe.
"Huo mmoja unatosha," akasema. "Ukizaa."