Mpaka Viazi Viive

Nilichora ratiba kwa kalamu za rangi nne,
nikaibandika kwenye friji kwa sumaku ya samaki:
Jumatatu zaburi, Jumanne mifano, Jumatano kukariri,
na kadhalika mpaka Jumapili.
Jumatatu yenyewe Jákup alitapika,
Beinta akasema zaburi ni ndefu
kama lile handaki la chini ya bahari
tunalopita kwenda kwa bibi.
Nikaibandua. Iliwasha jiko vizuri.

Mimi sikufundishwa.
Kwetu Mungu alikuwa wa dhoruba na wa mazishi.
Tulipomzika mjomba Dánjal, Beinta alinivuta koti:
"Mama, Mungu anakaa hapa makaburini?
Maana tunamwamkia hapa tu."

Basi Jumanne nikaanza upya, bila rangi.
Saa tisa alasiri, nje giza tayari,
nimetoka kiwandani, magamba ya samoni yamenikaukia kuchani.
Nikainjika sufuria, nikasema: njooni.
Mpaka viazi viive. Hatutazidisha.
Mshumaa mmoja, kibutu cha Krismasi.
Biblia ya mama yangu, ina doa la kahawa
pale watu wanapovuka bahari kwa miguu.

Nikawasimulia kwa maneno yangu
yule mwenye kondoo mia, mmoja akapotea,
akawaacha tisini na tisa, akamfuata mmoja.
Jákup ana miaka mitano.
Amewaona kondoo wa babu yake, masikio yamekatwa alama,
na ukungu unavyoteremka mlimani
kama mtu aliyevuta blanketi.
Akauliza: "Na wale tisini na tisa, nani aliwalinda?"

Nikafungua mdomo.
Nikafunua ukurasa wa pili, kana kwamba
kuna aliyeficha jibu huko.
"Sijui," nikasema.
Beinta akanitazama
kama aliyegundua kwamba mama yake naye ana magoti.
Sala yetu ya kwanza ilikuwa hiyo:
Baba, hatujui. Amina.
Viazi vilikuwa vimeiva.

Sitadanganya kwamba tulinyooka.
Kuna usiku waligombania nani azime mshumaa
mpaka nikauzima mimi, kwa hasira, katikati ya sala.
Kuna usiku Jákup alimwombea paka, na jino, na paka tena.
Kuna usiku nilisema tu: asante kwa viazi,
nikalala na aproni.
Siku mbili tulisahau kabisa, mbingu hazikuanguka.
Siku ya tatu akaja Jákup na kiberiti mkononi,
kiberiti alichokatazwa kukigusa.
Nilimgombeza kwanza.
Kumkumbatia kukafuata.

Halafu ukaja usiku ule wa Februari.
Hanus yuko kaskazini na meli ya mishipi,
redio inataja upepo kwa nambari,
simu ya meli haipokelewi.
Beinta akamwombea baba yake mbio mbio,
maneno yakikanyagana.
Zamu yangu ikafika. Sikuwa na neno.
Paa likalia. Sufuria ikachemka.

Jákup akafumba macho, akafumbua jicho moja.
"Baba ameshaombewa," akasema.
"Na Beinta, na bibi, na kanisa zima.
Mimi nawaombea wale tisini na tisa."
Akatuhesabu kwa kidole:
mimi, dada yake, paka chini ya kiti, yeye mwenyewe.
Wanne.
Akafikiri.
"Wengine wako nyumba za jirani."

Viazi viliungua usiku ule.
Tulivila hivyo hivyo, kwa siagi na chumvi,
tukiukwangua weusi kwa ncha ya kisu,
na mshumaa ulikuwa ungali unawaka mezani:
hakuna aliyekumbuka kugombania kuuzima.