Sehemu ya Saba

Jumatano, saa kumi na moja na robo jioni,
saa ambayo Fratton, mwezi wa Januari, ni usiku tayari
na chupa tupu za maziwa mlangoni zinashika barafu.
Televisheni yetu ilikuwa ya kukodi,
ina kisanduku ubavuni kinachokula sarafu.
Sarafu ikiisha, picha hujikunja, ikawa nukta nyeupe,
nukta ikaenda zake.
Shemsa ndiye aliyekuwa mwekahazina.
Peni hamsini ya Jumatano aliitia ndani ya soksi,
soksi ndani ya kiatu, kiatu chini ya kitanda,
akailinda kama mahari.

Mchezo wenyewe tuliuita Stesheni.
Jina lake la Kizungu limenitoka.
Msichana, Tamsin, na kituo cha reli kilichofungwa,
kaskazini huko, kwenye vilima na kondoo wasio na mwenyewe.
Kila jioni anawasha kandili ya kijani
kwa ajili ya treni ambayo wakubwa wote wanasema haipiti tena.
Baba yake alipanda treni hiyo.
Basi. Hakuna bunduki, hakuna kufukuzana.
Upepo, kandili,
na saa ya ukutani iliyogoma kwenye tatu kasorobo.
Mtu akifunga mlango, kituo kizima kinatikisika,
kumbe kuta ni mbao nyembamba zilizopakwa rangi ya mawe.
Tuliona. Hatukujali.

Mama hakuwa na Kiingereza bado, ila cha dukani na cha daktari.
Alisimama nyuma yetu akipiga pasi mashuka ya hoteli ya watu,
akitutafsiria.
Ndiyo: sisi tulioelewa tulitafsiriwa na yeye asiyeelewa.
Tamsin akawa Tamima. Mkuu wa kituo, Bwana Kofia.
Mwanamke wa posta aliyelia sehemu ya tatu,
"Huyo ana barua, hana moyo wa kuitoa."
Mwanamke alikuwa amesema jino linamuuma.
Tukamwamini Mama.

Mwaka jana, zamu ya usiku, chumba cha chai cha hospitali,
Denise Purkiss wa maabara ya damu akasema, hivi hivi tu,
kulikuwa na mchezo fulani, msichana na taa, unaukumbuka?
Miaka arobaini na sita sijakutana na mtu aliyeuona.
Nilishaanza kudhani tuliuota,
mimi na Shemsa, ndoto moja, vitanda viwili.
Tukashikana mikono kama watu wa kijiji kimoja
waliokutana ugenini.
Akakumbuka kondoo. Akauimba muziki wa mwanzo,
akakosea pale pale ninapokosea mimi.
Hasara, akasema, waliukata.
Sehemu sita, halafu mgomo, halafu wakatuletea mbio za farasi.

Saba, nikasema.

Sita.

Saba! Ile ya mwisho, theluji inaanguka,
Tamsin kasinzia, kandili inakaribia kuzimika,
mwanamume anakuja kwa miguu juu ya reli, begi begani.
Anafika mlangoni, haingii.
Anasimama nje, anapiga hodi.
Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili...

"Anapiga nini?" akauliza Denise.

Nikabaki na kikombe mkononi.

Sarafu ilikuwa imeliwa na farasi.
Shemsa analia, soksi tupu mkononi.
Mama anachomoa pasi, anakaa sakafuni katikati yetu
mbele ya kioo cheusi, na ndani yake tunaonekana watatu,
wadogo, mbali, kama watu wa kwenye mchezo.
Anatia sauti nzito ya kiume: Hodi.
Anatungoja.
Hodi.
Ya tatu anaijibu mwenyewe, kwa sauti yake,
akiwa ameutazama mlango wetu, si kioo.

Baba hakuwahi kupiga hodi Fratton.
Barua zilikuja, kisha hazikuja.

Alfajiri nikampigia Shemsa, Leeds, nikamwamsha.
Stesheni ilikuwa na sehemu ngapi?
"Saba," akasema, usingizini, bila kufikiri.
"Kwani vipi?"
Lala, nikamwambia. Nilikuwa nimesahau.