Daftari la Mashine

Mimi ni mtu wa mashine, si mtu wa jembe.
Hapa Chanika, nyuma ya duka la vipuri,
watu wananijua kwa kikohozi kabla ya jina.

Lakini mpunga ukipita mkononi mwangu
hunisimulia:
siku ulipoangukia udongo,
kama mwenyewe alingoja trekta la kukodi
au alitangulia na jembe kabla wingu halijajaa.

Wengine huniita mpiga ramli.
Hakuna ramli. Kuna kaunta buku la kwaya mbili,
grisi kwenye pembe,
jina, mbegu, siku ya kuatika, magunia.

Fungua mwaka juzi.
Bi Siwatu, bonde la Msongola:
Supa, Januari tisa, magunia kumi na moja.
Mdogo wake Mlekwa, tuta moja tu kati yao,
tope lile lile, mfereji ule ule,
mbegu wamegawana kwa kibaba kutoka kapu moja:
Supa, Machi kumi na nne.
Magunia manne, na hayo manne
ukiyatikisa yanalia kama kayamba.

"Mashine yako inakula," aliniambia.
Nikazima injini. Nikachota konzi, nikapuliza.
Nusu ikaruka kuelekea barabarani, mapepe matupu.
"Hiyo si mashine, Mlekwa. Hiyo ni Machi."

Supa ina miezi mitano yake,
haipunguzi hata wiki kwa kubembelezwa.
Ukiiatika masika yamekwisha kupamba moto
itachanua mfereji umebaki nyufa,
usiku una baridi ya kipupwe,
na ua la mpunga ni mgeni wa haraka:
lisipokuta maji linaondoka bila kukaa.

Mwaka uliofuata alikuja amechangamka.
Kasikia habari za Saro:
miezi minne, mashuke mazito, shina fupi.
Akaikimbiza bondeni Desemba,
maana Mlekwa akichomwa na kuchelewa
huchelewi kumwona amewahi kupita kiasi.

Aprili mpunga ukaiva.
Aprili!
Masika yakaukuta umesimama, yakaulaza.
Kwelea wakapeana anwani.
Punje zikachipua zingali shukeni.
Saro, Desemba nane, magunia matano,
na pembeni, kwa penseli: umelowa, una uvundo.

Sikumcheka. Mkewe alikuwa na deni la kikoba,
na deni halijui habari za mvua.

Kisha siku moja akaja kabla ya msimu,
mikono mitupu,
akaketi juu ya gunia la pumba.
"Nisomee," alisema.

Nikamsomea mpaka mwadhini wa alasiri.
Hakuna mbegu niliyoisifu, hakuna mwezi niliousifu.
Nilimwonyesha kidole kikienda kutoka safu hadi safu:
huyu alipata, tazama alipata na nini, lini.
Huyu mbegu ileile, tazama tarehe.
Huyu tarehe ileile, tazama mbegu.
Mara akanipokonya daftari, akasoma mwenyewe,
midomo ikicheza kama mtoto wa darasa la pili.

Jana kaleta.
Saro, Machi mbili: magunia kumi na mawili,
punje nzima, chenga za kuhesabika.
Na kapu moja pembeni, limefunikwa khanga.
"Hii Supa. Nimeiwahi Januari, pembe moja tu ya jaruba.
Si ya kuuza."

Nikaikoboa taratibu, akainama juu ya ungo,
akafumba macho.
"Unaisikia?"

Miaka ishirini na moja ya vumbi, pua yangu
imebaki ya kuwekea miwani tu.
Nikasema ndiyo, naisikia.
Akanipimia kibaba nikale na wanangu.

Usiku niliwaangalia wakila,
mdogo akinusa sahani kabla ya kushika tonge,
nikatafuta kwenye daftari pa kuandika jambo hilo.
Safu zote zilikuwa zimejaa.